Mkasi wa Mashoto

Kidole gumba changu cha kulia kiliniuma miaka mitatu kabla sijakubali kwamba kinauma. Usiku nilikichua dawa na kukifunga bandeji, na asubuhi niliifungua bandeji mlangoni, kabla ya kuingia karakana, ili mtu asione. Lakini kitambaa hakina siri. Kingo za sketi zilianza kutoka na vijimeno, na washonaji wakaanza kunong'onezana kwamba Mama Mkasi anazeeka.

Mama Mkasi ndiye mimi. Karakana yetu inashona sare za shule. Ina cherehani kumi na nne na meza moja ya kukatia, na meza hiyo nimesimama nayo miaka ishirini na miwili. Mshonaji akikosea anafumua. Mkataji akikosea, jora zima limeharibika na hakuna dawa. Kwa hiyo hata nikipiga chafya pale mezani, nilikuwa napewa pole ya heshima, na sitasema uongo, nilikuwa naipenda.

Msimamizi wetu ni mwanamume mdogo kwangu kwa miaka kumi, hatembei bila rula ya chuma. Akiwa hayupo tunamwita Bwana Rula, akiwepo tunamwita Bosi. Jumatatu moja alikuja mezani kwangu, akapima sketi sita nilizokata asubuhi hiyo, kisha akazisukuma pembeni kwa ncha ya rula.

"Mama, hebu tuambiane ukweli," akasema.

"Ukweli upi, Bosi?"

"Mkono umechoka. Wala si aibu, kila mtu na zamu yake. Nimepata mkataji mwingine. Wewe utahamia kule nyuma, kukunja na kupakia. Kazi nyepesi, unakaa kitini."

"Nani kakwambia nataka kukaa?"

"Mama, usinifanye nionekane mbaya. Una mpaka mwisho wa mwezi ujao."

Akaondoka akigonga rula kwenye paja. Washonaji wote walikuwa wameinamisha vichwa, na cherehani hata moja haikulia, ndipo nikajua wamesikia kila neno. Sina ugomvi na wanaokunja na kupakia, ni kazi kama kazi nyingine. Lakini mimi ni mkataji. Nikiondolewa pale mezani sijui ningeitwa nani, na nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, si wa kuanza kutafuta jina.

Jioni ile nilikaa jikoni nikachukua simu. Simu yenyewe aliniachia binti yangu aliponunua mpya, kabla ya kuhamia mji wa mbali anakofanya kazi ya uuguzi. Mpaka siku hiyo nilikuwa naitumia kwa mambo mawili tu: kuongea naye, na kupokea dua ambazo dada yangu mkubwa hututumia kila asubuhi kwenye kundi la familia, tutake tusitake. Niliandika kwa kidole kimoja: kidole gumba kinauma kwa kukata nguo. Zikaja dawa za kuchua. Akaja mtu mmoja amejifunga kiazi kwenye kidole, sijui ndiyo dawa au ndiyo chakula. Nikaendelea kushuka, nikafika kwenye video ya mwanamke akikata kitambaa cha buluu bila kusema neno.

Nilitazama kama mkataji anavyomtazama mkataji mwenzake, yaani kwa kutafuta kosa. Sikuliona. Mkasi ulikuwa unateleza kwenye mstari wa chaki bila kusita, na kitambaa kilikuwa kinaachana chenyewe. Kitu kimoja tu kilinikwaza: alikuwa anakata kwa mkono wa kushoto.

Nikasema, aa, hii picha imegeuzwa. Nazijua simu. Nikijipiga picha, baka langu la shavu la kushoto huhamia la kulia. Nilikuwa karibu kuipita video ile, na ningeipita maisha yangu yangebaki vilevile. Ila nyuma ya yule mwanamke kulikuwa na shati la kiume limetundikwa ukutani, na mimi shati siwezi kulipita bila kulikagua. Vifungo vyake vilikuwa upande wa kulia wa mvaaji. Mfuko ulikuwa kifuani kushoto.

Nikairudisha video mwanzo. Kama picha ingekuwa imegeuzwa, shati lile lingekuwa na vifungo vya blauzi na mfuko kulia. Hakuna fundi duniani anayeshona shati la kiume hivyo, labda awe ameanza jana. Picha haikuwa imegeuzwa. Mwanamke yule alikuwa anakata kwa kushoto, kweli kweli, na kitambaa kilikuwa kinamtii.

Chini ya video watu walikuwa wameandika maneno mengi, mengine kwa lugha nisizozijua. Sijawahi kuandika neno mahali pa wageni. Siku hiyo niliandika: Samahani, huo mkasi ni wa namna gani? Hata chai yangu haijapoa, mtu nisiyemjua akanijibu: Ni mkasi wa mashoto, mama. Makali yamegeuzwa. Wa kawaida ukiushika kwa kushoto hauwezi kukata vizuri, mkono unayatenganisha makali badala ya kuyabana.

Niliisoma sentensi hiyo mara nne.

Sasa niseme jambo ambalo karakana nzima haikulijua. Mimi ni mashoto. Nilizaliwa hivyo. Nilipokuwa na miaka sita marehemu mama aliamua kunivunja tabia, akamwagiza dada anifunge mkono wa kushoto kiunoni kwa mshipi wa gauni langu mwenyewe, asubuhi mpaka jioni, mpaka nijifunze. Ilichukua muda wa mvua mbili. Nikajifunza. Kula kulia, kuandika kulia, kupokea kulia. Watu wakamsifu mama kwa malezi.

Nilipoanza kujifunza ushonaji, siku moja mwalimu wangu alipotoka, niliuchukua mkasi wake kwa mkono wa kushoto. Nilitaka kuona tu. Mkasi ukakitafuna kitambaa, ukakikunja katikati ya makali kama ng'ombe anayetafuna karatasi, na mstari wa chaki sikuuona kabisa kwa sababu bapa la juu lilikuwa limeufunika. Niliurudisha mezani haraka. Nikajiambia mama alikuwa na haki, mkono huu kweli ni mbovu. Tangu siku ile sikuujaribu tena.

Miaka yote hiyo niliamini mkono ndio mbovu. Kumbe mkasi. Nililia pale jikoni, na msidhani nililia kwa huzuni. Nililia kwa hasira, na nilipomaliza kulia nilikuwa bado nina hasira nyingi ya kutumia.

Kesho yake nilikwenda duka la vifaa vya ushonaji. Muuzaji alicheka mpaka akashika kaunta.

"Mama, mkasi ni mkasi. Utaniuliza na sindano ya mashoto?"

"Sindano haina upande. Mkasi unao. Wewe unauza vitu usivyovijua."

"Basi nenda kwa wanaovijua."

Nikaenda. Nilimpigia binti yangu, akanielekeza kuagiza mkasi wa mashoto kwenye simu, hatua kwa hatua, bonyeza hapa, sasa hapa, hapana mama umetoka, rudi. Aliniuliza ni zawadi ya nani. Nikamwambia yangu. Akasema, "Mama, wewe ni mashoto?" Miaka ishirini na sita nimemlea, nimemlisha, nimemsuka, na hakujua.

Mkasi ulifika baada ya wiki tatu. Ulikuwa mzito, mweusi mpinioni, na nilipouweka mkono wa kushoto vidole viliingia kana kwamba vilikuwa vinasubiriwa. Nikakunjua shuka la zamani, nikachora mstari, nikakata. Jamani, ilikuwa aibu! Makali yalikuwa yanakata vizuri, nao mstari niliuona wote, lakini mkono wenyewe ulikuwa mtoto. Ulikuwa na miaka sita ileile niliyouacha nayo. Ulipotakiwa kwenda mbele ulikwenda pembeni, na ulipotakiwa kusimama ulitetemeka.

Nikapiga moyo konde. Kila jioni nilikata magazeti, kisha mashuka, kisha vitambaa vya mabaki nilivyovibeba kutoka karakana kwenye mfuko wa plastiki. Nilikata mistari mirefu, halafu mizunguko ya kola, halafu mashimo ya mikono, ambayo ndiyo mtihani wa mkataji yeyote. Wiki ya kwanza ningefukuzwa na karakana yoyote yenye akili. Ya pili ningepewa nafasi ya kujifunza. Mchana nilikuwa nakata kwa mkono wa kulia nikiuma meno, na Bwana Rula akipita alikuwa ananitazama kwa huruma, jambo lililonikera kuliko rula yake.

Dada alikuja Jumapili bila kuniarifu, kama kawaida yake. Yeye ana miaka hamsini na saba na bado huingia kwangu bila kubisha. Alinikuta nimeinama juu ya meza ya chakula, mkasi mkono wa kushoto, vitambaa vimejaa sakafuni.

"Astaghafiru," akasema. "Unafanya nini?"

"Nakata, dada."

"Kwa mkono huo?"

"Ndio ulio na afya."

Akaweka mkoba chini. "Mdogo wangu, uzee huu ndiyo unarudi utotoni? Mama alihangaika na wewe. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na akakukunja, na ukanyooka. Leo unamtukana kaburini."

"Mimi sikuwa samaki, dada. Nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimenyooka kabla hamjanikunja."

"Usiseme hamjanikunja. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilitumwa."

"Najua ulitumwa."

"Mama akitoka nilikuwa nakufungua. Umesahau?"

"Sijasahau. Na ulikuwa unanifunga tena ukisikia anarudi."

Sikupanga kusema hivyo. Lilikuwa limekaa humo ndani muda mrefu kiasi kwamba lilitoka lenyewe, bila ukali. Dada akauchukua mkoba wake, akatoka, na chai niliyotaka kumpikia sikuipika. Nilikaa nikijua nimemuumiza, na nikajua pia kwamba sitaomba radhi.

Siku tatu hakuna dua iliyoingia kwenye kundi la familia. Wajomba wakaanza kuuliza kama dada mgonjwa. Siku ya nne, alfajiri, simu ikalia. Dada alikuwa ametuma video, kwangu peke yangu: seremala fulani, mzee, anaranda ubao kwa mkono wa kushoto. Hakuandika neno chini yake. Niliitazama mpaka mwisho, nikamjibu kwa kumtumia ua, maana sisi kwetu hatuna zaidi ya hapo.

Siku ya mwisho ya mwezi niliingia karakana kabla ya wote. Nilitandaza jora la buluu, tabaka nne, nikaweka vyuma vya kukandamizia, nikachora sketi za marinda za shule moja kubwa iliyoagiza sare mia tatu na ishirini. Kisha nikahamia upande wa pili wa meza, ule ambao sijawahi kusimama, kwa sababu mkasi wangu mpya ulitaka nuru itoke upande mwingine. Liwalo na liwe, nikasema, nikakata.

Washonaji waliingia mmoja mmoja wakasimama. Bwana Rula alipofika aliwakuta wamenizunguka, akawatawanya kwa rula, kisha akaona.

"Mama Mkasi, ni nini hiki?"

"Sketi, Bosi."

"Nauliza mkono. Unakatia mkono gani huo? Hilo jora likiharibika nani atajibu?"

"Nitajibu mimi. Pima."

Alipima. Alipima sketi ya kwanza, ya pili, akaruka mpaka ya tisa akidhani atanikamata huko. Akafunua tabaka la chini kabisa, ambalo ndilo huwa linamsaliti mkataji mwenye mkono uliochoka. Kingo zilikuwa safi. Mshonaji mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ng'ombe hazeeki maini!" na kicheko kikapita karakana nzima.

Bwana Rula hakucheka. Alikuna shingo kwa ncha ya rula yake. "Huyo mkataji mwingine anakuja kesho," akasema.

"Mwambie meza ina mwenyewe."

"Mama…"

"Bosi, umeniambia mkono umechoka. Nimekuletea mwingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sasa niambie kama kuna sketi hapa ina kosa, nitakwenda kukunja sasa hivi bila kusubiri kesho."

Akazitazama tena zile sketi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayeogopa wateja. Akanisogelea akashusha sauti.

"Sawa. Bakia. Lakini Mwalimu Mkuu wa hiyo shule anakuja mchana kuona kazi. Yule mama ni mtu wa nidhamu, hapendi mambo ya ajabu ajabu. Akiwepo, rudi mkono wa kulia. Dakika kumi tu. Akiondoka endelea unavyotaka."

Ningeweza. Dakika kumi kwa kidole kibovu si kitu, nimevumilia miaka mitatu. Nikamwambia, "Nimekusikia," ambalo ni jibu zuri sana kwa sababu halina ahadi ndani yake.

Mwalimu Mkuu alikuja saa nane. Mwanamke mrefu, miwani kwenye kamba, viatu vinavyotangaza kila hatua. Bwana Rula alimpitisha kwenye cherehani zote akimsifia hiki na kile, na walipokaribia meza yangu akaniinulia nyusi. Akanyanyua rula kidogo, akaielekeza kwenye mkono wangu wa kulia. Nikamwona. Nikaendelea kukata kwa kushoto.

"Huyu ndiye mkataji wetu," akasema Bwana Rula.

Mwalimu Mkuu aliutazama mkono wangu kwa muda. "Shikamoo," akasema, kisha, "Kumbe mama ni mashoto."

"Marahaba, Mwalimu. Ndiyo."

"Hukurekebishwa utotoni?"

"Nilirekebishwa vizuri sana. Miaka arobaini na sita."

Hakutabasamu. "Shuleni kwetu tunawazoesha mapema watumie wa kulia. Mwandiko unakuwa mzuri, na hawapati shida mbele ya watu."

"Mnawazoesha vipi?"

"Rula ya vidole, mara moja mbili. Wanazoea."

Bwana Rula aliificha rula yake nyuma ya mgongo, Mungu anajua kwa nini. Mimi niliuweka mkasi mezani. Kama ningekaa kimya wakati ule, meza ningebaki nayo, na sare mia tatu na ishirini ningezikata zote, na kila mtu angeenda nyumbani na amani yake. Nilijua hivyo. Nikachukua sketi moja iliyokatwa, nikamwekea mikononi.

"Angalia hiyo, Mwalimu. Geuza. Angalia marinda, angalia kiuno. Ukiona kosa niambie."

Aligeuza. Alivaa miwani yake akaangalia kwa haki, lazima nikiri. "Sioni kosa," akasema.

"Imekatwa na mkono huu. Zote zitakatwa na mkono huu. Jumatatu watoto wako watapanga mstari uwanjani, mia tatu na ishirini, wamevaa kazi ya mkono wa kushoto toka begani mpaka magotini. Halafu utaingia darasani umchape mtoto vidole kwa sababu anao mkono kama huu?"

Bwana Rula aliniangalia kama mtu anayeona jora lake linaungua. Mwalimu Mkuu alibaki ameishika ile sketi, akipitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, kwenda na kurudi. Nikajiandaa kusikia kwamba ataipeleka kazi kwingine, na nikajua nitahamia kule nyuma kukunja, na nikajua pia kwamba hata huko nitakunja kwa kushoto.

"Wako wanne," akasema mwishowe.

"Nani, Mwalimu?"

"Darasa la kwanza. Wako wanne mwaka huu. Nimewaweka kiti cha mbele ili niwaone vizuri." Akavua miwani, ikaning'inia kifuani. "Mmoja ameanza kukalia mkono wake. Anaukalia siku nzima, hata wakati wa kucheza."

Sikuwa na hasira tena ya kumpa. Nilikuwa nimemwona huyo mtoto kichwani mwangu, waziwazi, na kiti chenyewe.

"Mwambie ainuke," nikasema.

Mwalimu Mkuu aliikunja sketi taratibu, akairudisha mezani upande wangu. Kisha akamgeukia Bwana Rula amuulize sare zitakuwa tayari lini, na Bwana Rula, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanigeukia mimi. Nikawaambia Alhamisi, nikauchukua mkasi.